ACME, Kick, 64tass, ca65 au DASM: asembla gani uanze nayo kwenye Commodore 64

Vijana wanaotaka kujifunza kuprogramu Commodore 64 karibu wote wananiuliza swali moja kwanza, nidaunlodi asembla gani, yaani ile programu ya kugeuza amri unazoandika kuwa baiti za lugha ya mashine, mana wakishaingia intaneti wanakuta majina chungu nzima na kila mtu anasifia yake, basi mtu anakaa siku nyingi anasoma sifa za vitu ambavyo hajavigusa na hata mstari mmoja wa kodi hajaandika. Kwaiyo hapa nazilinganisha zile tano zinazotajwa zaidi, na msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aondoke nao: kama ndo unaanza, na khasa kama unaanza peke yako huko Wete au Makunduchi na hakuna wa kumuuliza, chukua ACME. Wapo ambao ACME haitowafaa, na hao ntawataja huko mbele.

Kidogo kuhusu mashine yenyewe kabla hatujaenda mbali. Commodore 64 imetoka 1982, ina kilobaiti 64 za kumbukumbu na prosesa ya 6510 ambayo ni ndugu wa damu wa ile 6502 ya mwaka 1975. Amri zake ni 56 tu, rejista unazofanyia kazi ni tatu, A na X na Y, na ndo mana mi naiona ni mashine nzuri kupita kiasi ya kufundishia, mtu anaweza kuijua yote mpaka mwisho, kitu ambacho kwenye laptopu ya leo hakiwezekani hata ukisoma miaka. Hizi kompyuta zenyewe hapa Unguja kuzipata ni bahati, hata ukizunguka Darajani nzima, kwaiyo tunatumia emuleta ya VICE, programu inayoiga Commodore ndani ya laptopu, ya bure, na unaandika kodi yako kwenye laptopu ya kawaida, asembla inageuza kuwa faili la .prg, alafu VICE inalifungua kama vile umechomeka diski.

Sasa kigezo. Watu wanapenda kubishana asembla gani ina nguvu zaidi, lakini kwa anayeanza huo ubishi hauna faida, kwa sababu ukiandika `inc $d020`, amri ya kubadilisha rangi ya mpaka wa skrini (alama ya $ ni namba ya msingi wa 16), zote tano zitakutolea baiti zilezile tatu, EE 20 D0, hakuna iliyo na siri yake. Programu yako haitokimbia zaidi kwa sababu umetumia Kick badala ya DASM. Tofauti iko kwengine: ukikosea inakwambia nini, inakuficha nini na inakuonesha nini, na je itakaa kwenye laptopu yako ya mtumba yenye RAM ya giga mbili bila kukumalizia bando. Mi napima kwa hayo matatu, na la kwanza nalipa uzito kuliko yote, mana anayeanza anakosea kila mstari wa tatu na hiyo ndo kazi yake, anatakiwa akosee.

Tuanze na ACME. Kaiandika Marco Baye, ni programu moja ndogo ambayo haifiki hata megabaiti moja, huna cha kuinstoli, unaifungua kwenye zipu unaiweka kwenye folda ya kazi basi. Kwa Ubuntu au Debian ni `apt install acme` umemaliza. Programu nzima ya kuandika salamu juu ya skrini inakuwa hivi:

```
        *=$0801
        !byte $0b,$08,$0a,$00,$9e,$32,$30,$36,$31,$00,$00,$00

        ldx #0
andika
        lda salamu,x
        beq mwisho
        sta $0400,x
        inx
        bne andika
mwisho
        rts
salamu
        !scr "hujambo pemba",0
```

Na unaijenga kwa `acme -f cbm -o salamu.prg salamu.asm`.

Huo mstari wa baiti kumi na mbili pale juu ndo unaowatisha watu, na ndo sababu wengi wanakimbilia Kick ambayo inauficha. Mi nasema usiukimbie, kaa nao dakika tano. Ni mstari mmoja wa BASIC, lugha iliyomo ndani ya Commodore, `10 SYS 2061`, yaani nenda kwenye anuani 2061 ukimbize lugha ya mashine, umeandikwa vile vile unavokaa kwenye kumbukumbu. $0b,$08 ni anuani $080B ambapo mstari unaofuata ungeanzia, imeandikwa nyuma mbele kwa sababu 6510 inaanza na baiti ndogo. $0a,$00 ni namba ya mstari, kumi. $9e ni neno SYS, BASIC inaliweka kwa baiti moja. Alafu 32 30 36 31 ndo tarakimu 2, 0, 6, 1, sifuri ya kwanza inamaliza mstari na sifuri mbili zinasema programu ya BASIC imeisha. Hesabu kuanzia $0801, baiti kumi na mbili, unafika $080D, na $080D ni 2061. Mtu akishaona hivo mara moja kichwa kinafunguka, anajua BASIC na lugha ya mashine vyote vinakaa kwenye kumbukumbu ileile, na amejifunza hilo kwa sababu asembla haikumficha.

Kuhusu kukosea. Kuna kijana Pemba aliandika `rst` badala ya `rts`, kosa la vidole tu. ACME haijui amri inayoitwa rst kwaiyo inadhani ni lebo, yaani jina la mahali kwenye kodi, inaendelea na kazi na faili inatoa, lakini inatoa onyo kwamba kuna lebo ambayo haiko safu ya kwanza kushoto. Kijana onyo hakulisoma, akafungua VICE, salamu ikatoka vizuri kabisa kwenye skrini alafu mashine ikaganda na VICE ikamwambia prosesa imekwama kwenye $081F. Sasa angalia kilichotokea, mana ni kizuri mno. Rts haipo, kwaiyo prosesa haikurudi BASIC, imepitiliza ikaingia kwenye maneno na kuanza kuyafanya kama amri. Kwa namba za skrini herufi h ni 8, hiyo ni amri ya PHP. Herufi u ni 21, hiyo ni amri ya ORA na inachukua j kama anuani yake. Herufi a ni 1, ORA nyengine, inakula m. Alafu inafika b, ambayo ni 2, na baiti ya 02 kwenye 6510 inaifunga prosesa kabisa mpaka uizime au uiriseti. Yaani mashine imekwama kwenye herufi b ya hujambo.

ACME kwa hapo ilimuonya lakini haikumzuia, na hilo ni doa lake, siwezi kulificha. Dawa yake ni mbili: soma maonyo yote, na kila unapojenga ongeza `-r ripoti.txt`, itakuandikia faili lenye kila mstari wako na pembeni yake anuani na baiti zilizotoka. Ule mstari wa rst utauona umekaa hauna hata baiti moja pembeni yake, na hapo huhitaji mwalimu. Hiyo ripoti ndo kitu namhimiza kila mtu aizoee, mana ukiisoma kila siku baada ya muda baiti zenyewe unazijua kwa sura.

Kick Assembler, ya Mads Nielsen, kosa kama hilo inalikataa palepale kwa sababu kwake lebo lazima iwe na nukta mbili, neno lisilo na nukta mbili na siyo amri ni kosa na faili halitoki. Hapo inaishinda ACME, nakubali. Na mwanzo wake ni mwepesi kuliko zote:

```
BasicUpstart2(anza)
anza:
        inc $d020
        jmp anza
```

Mistari minne, unaijenga kwa `java -jar KickAss.jar mpaka.asm`, na mpaka wa skrini unaanza kumeta kwa mistari ya rangi. Kwa mtu anayetaka kuona kitu haraka hakuna kinachoifikia. Lakini BasicUpstart2 imekufanyia ile kazi ya baiti kumi na mbili bila kukwambia imefanya nini, na Kick imejaa vitu vya namna hiyo, ndani yake kuna lugha nzima ya skripti yenye `.for` na `.if` na funkshen na orodha. Ni tamu sana ukishajua unachokifanya. Shida kwa anayeanza ni kwamba anachanganya kipi kinafanyika kwenye laptopu wakati wa kujenga na kipi kinafanyika ndani ya Commodore wakati wa kukimbia. Nimeona mtu kaandika `.for` akidhani ametengeneza mzunguko wa 6510, kumbe Kick imemkunjulia amri zilezile mara mia mbili moja baada ya nyengine, programu inafanya kazi, yeye anafurahi, lakini mzunguko wenyewe wa kutumia X na bne hajaujua. Hilo linaniuma zaidi kuliko kosa la rst, mana kosa la rst linajionesha na hili linajificha.

Jengine ni Java. Jar yenyewe ya Kick ni ndogo lakini Java yake ni mzigo, kama laptopu haina Java tayari unatafuta megabaiti nyingi za kudaunlodi, na kwenye mashine ya zamani kila ukijenga unasubiri kidogo Java iamke. Kwa mtu mwenye intaneti ya uhakika siyo tatizo. Kwa mtu wa bando la siku ni tatizo.

Kick inakuwa jibu sahihi ukiwa unataka demo, yaani onesho la picha na muziki, au gemu lenye muziki. Ina `LoadSid`, unaipa faili la muziki wa SID, chipu ya sauti ya Commodore, na inakupa anuani za kuanzisha na kupiga, na ina `LoadPicture` ya kusoma picha kuzigeuza baiti wakati wa kujenga. Hivo viwili kwenye ACME utatafuta zana pembeni. Majedwali ya sin watu husema ni ya Kick peke yake, siyo kweli, ACME inayo sin na cos, na 64tass pia, ila Kick inakuandikia kwa mstari mmoja unaosomeka: `.fill 256, round(127.5+127.5*sin(toRadians(i*360/256)))`.

64tass mi naiweka ya pili nyuma ya ACME, na ungekuwa umeanza nayo nisingekwambia uiache. Inafuata mtindo wa Turbo Assembler, ile iliyokuwa ikitumika ndani ya Commodore yenyewe, kwaiyo ukikuta kodi za zamani zimeandikwa kwa mtindo huo nyingi zinaingia bila kubadilisha sana. Nayo ni programu moja ndogo, haihitaji Java wala nini. Inajengwa kwa `64tass -a salamu.asm -o salamu.prg`. Kuna kitu chake nakipenda khasa, ule mstari wa BASIC unauandika hivi:

```
*       = $0801
        .word (+), 10
        .null $9e, format("%d", anza)
+       .word 0
anza
```

Angalia, haijaficha kitu, bado unaona mnyororo wa anuani, namba ya mstari, $9e ya SYS, lakini hesabu ya 2061 inafanya yenyewe, ukiongeza kitu katikati anza ikasogea namba inajirekebisha. Kwa maoni yangu hapo ndo pazuri kuliko ACME na kuliko Kick pia. Kinachonizuia kuipa nafasi ya kwanza ni kitabu chake cha maelezo, kimekamilika sana lakini kimeandikwa kwa mtu ambae tayari anajua, kurasa nyingi za aina za data na operesheni, na anayeanza akikifungua anaingia woga. Maelezo ya ACME ni mafaili mafupi ya maandishi, unasoma jioni moja baada ya isha ukamaliza.

Kwenye matawi 64tass inakusaidia kwa kitu kinachosumbua sana. Amri kama bne na beq zinaruka karibu tu, baiti 127 mbele au 128 nyuma, programu ikishakua siku moja utaongeza mistari miwili na asembla itakataa, inasema lengo liko mbali. ACME inakataa na inakuachia ugeuze mwenyewe, unaandika beq ya kuruka juu ya jmp. 64tass ukiweka `-B` inakugeuzia yenyewe, na ca65 ina makro (amri za mkato) za jeq na jne kwa kazi hiyo. Kwa wiki za mwanzo nashauri ufanye kwa mkono, kisha ukishaelewa kwa nini, tumia msaada.

ca65 hiyo sasa ni ya wakubwa. Iko ndani ya kifurushi cha cc65 ambacho kina na kompaila ya C, na inafanya kazi kwa hatua mbili, asembla inatoa faili la kati kisha linka ya ld65 inaunganisha kwa kufuata faili la mpangilio linaloeleza kumbukumbu imegawanywaje, sehemu ya kodi, ya data, ya zeropeji (baiti 256 za mwanzo wa kumbukumbu). Kwa mradi mkubwa wenye mafaili mengi, au kama hamu yako ni kutengeneza katriji za Nintendo NES, ambayo prosesa yake nayo ni ya ukoo wa 6502, ca65 ndo wengi wanayotumia na wana sababu. Lakini angalia komandi ya kujenga programu yetu ya salamu: `cl65 -t c64 -C c64-asm.cfg -u __EXEHDR__ salamu.s -o salamu.prg`. Kila neno hapo lina maana yake na kila neno linahitaji kuelezwa, na mtu hajaandika hata `lda` ya kwanza. Usianze hapa. Wapo walioanza hapa wakafika, lakini wengi wao walikuwa na C kichwani tayari, kama wewe ni mwanafunzi wa chuo na C umeshaifanya na linka unajua ni nini, basi haya niliyosema hayakuhusu na unaweza kuingia moja kwa moja.

DASM ntaipitia haraka. Ameianzisha Matthew Dillon miaka ya themanini mwishoni na mpaka leo ndo asembla ya watu wa Atari 2600, ile yenye baiti 128 tu za RAM, ukitaka kuprogramu Atari usihangaike na nyengine. Kwa Commodore inafanya kazi vizuri, unaandika `processor 6502` na `org $0801` na unajenga kwa `dasm salamu.asm -osalamu.prg`, ina sheria kali kwamba lebo inaanza safu ya kwanza na amri lazima isogezwe ndani, ukiandika amri safu ya kwanza inaifanya lebo. Ila kwenye herufi inakuacha mwenyewe, na hili la herufi inabidi nilieleze mana linawachanganya watu kweli kweli.

Commodore haitumii ASCII, ule mpangilio wa namba za herufi wa kompyuta nyingi. Kwenye kumbukumbu ya skrini inayoanzia $0400, A ni 1, B ni 2, mpaka Z 26. Ukiandika maneno yako kwa `.byte` ya kawaida ya ASCII, h ndogo inakwenda kama 104 na skrini inaonesha alama za michoro, vipande vya mistari na maumbo, alafu cha kuchekesha nafasi kati ya maneno iko sawasawa kwa sababu nafasi ni 32 kote kuwili. Kwaiyo mtu anaona urefu wa neno uko sawa, nafasi iko mahali pake, herufi zote ovyo, anaanza kutafuta kosa kwenye mzunguko wake ambao hauna kosa lolote. ACME unatumia `!scr` kwa skrini na `!pet` kwa maneno unayopitisha kwenye rutini ya $FFD2, ile ya Commodore yenyewe ya kuandika herufi, mambo yamekwisha. Kick `.text` yake inageuza kwa skrini bila kuambiwa. 64tass unatangaza `.enc "screen"` kwanza. ca65 ukilenga c64 inakupa PETSCII, yaani zile herufi za $FFD2, na kwa skrini inabidi uite makro zake. Kwa anayeanza naona ACME iko wazi zaidi hapa pia, mana jina la amri lenyewe linakukumbusha kuna aina mbili za herufi, wakati Kick inakupa jibu sahihi bila wewe kujua palikuwa na swali, na siku ukitaka kutumia $FFD2 ndo utashangaa.

Kuna ambao hawapendi kabisa dirisha jeusi la komandi. Kwa hao kuna CBM prg Studio ya Arthur Jordison, kila kitu kiko ndani, sehemu ya kuandika, asembla, mchoro wa spraiti, mchoro wa herufi, unabonyeza kitufe VICE inafunguka. Ni ya Windows peke yake. Kwa kufundishia darasa la skuli ambapo kompyuta zote ni Windows na una saa moja tu kwa wiki, mi ningeichagua hii mbele ya ACME bila kusita, muda wa darasa haustahili kuishia kwenye kueleza folda na komandi. Kwa mtu binafsi nyumbani, hapana, mana kodi unayoandika inabaki na mtindo wa programu hiyo, na ukihamia Linux inabaki nyuma.

Pia utasikia watu wanasema andika ndani ya Commodore yenyewe kwa Turbo Macro Pro ili uonje kama zamani. Kwa kuonja sawa. Kwa kujifunza, kodi yako na programu yako vinakaa kwenye kumbukumbu moja, kosa dogo likiharibu kumbukumbu na kodi inaondoka kama hukuihifadhi. Ukitaka kuonja bila hasara tumia monita ya ndani ya VICE, fungua uandike `a c000 inc $d020`, kisha `jmp $c000`, bonyeza Enter kwenye mstari mtupu, kisha `g c000`, umeandika lugha ya mashine bila asembla yoyote na kwenye $C000 pana kilobaiti nne huru ambazo BASIC haizigusi.

Wenye simu tu, na najua mko wengi. Android ikiwa na Termux inatosha: ACME na 64tass zote zimeandikwa kwa C ya kawaida, unachukua kodi zake unazijenga kwa clang na make, alafu RetroArch ina VICE ndani yake kwa kuzijaribu. Kuandika `$` na `#` kwenye kibodi ya simu kunachosha vidole, kibodi ndogo ya bluetooth inasaidia sana. Na faida yake umeme ukikatika unaendelea na kazi. Kick nayo kwenye Termux inawezekana kwa sababu Java ipo, lakini sioni haja ya kuibebesha simu mzigo huo. Na kama hutaki kuweka kitu chochote kuna 8bitworkshop, inafanya kazi ndani ya brauza, unaandika kushoto unaona kulia, Atari 2600 kwa DASM na NES kwa ca65, ila hapo inabidi intaneti iwepo ufungue.

Kama moyo wako uko kwenye ZX Spectrum, haya yote hayakusaidii kwa sababu ile ina Z80, prosesa nyengine kabisa, rejista nyingi zaidi na amri nyengine. Kwa upande huo Pasmo inasimama pale ACME ilipo, ndogo, nyepesi, na `pasmo --tapbas mpaka.asm mpaka.tap` inakutolea kaseti pamoja na BASIC ya kuipakia, emuleta inaifungua moja kwa moja. sjasmplus ndo ya kuhamia baadae ukitaka makro na kutoa snapshoti, faili linalohifadhi hali nzima ya mashine.

Watu wanaogopa kwamba wakianza na asembla hii watafungika nayo. Huko kufungika hakupo, amri za 6510 ni zilezile, kinachobadilika ni zile amri za asembla yenyewe na alama. Chukua programu ya salamu hapo juu uipeleke Kick: ule mstari wa `*=$0801` na baiti kumi na mbili unatoka, inaingia `BasicUpstart2(anza)` na lebo ya `anza:` juu ya ldx. Lebo za andika, mwisho na salamu zinaongezewa nukta mbili. `!scr` inakuwa `.text "hujambo pemba"` na sifuri inashuka mstari wa chini kwa `.byte 0`. Kutoka ldx mpaka rts hakuna amri hata moja iliyoguswa.